Mlonge wa Nyuma ya Bafu

Mlonge uliokuwa nyuma ya bafu letu hapa Tanga haukupandwa kwa nia ya kupata mti. Kamba ya kuanikia nguo ilikosa nguzo upande wa pili, Baba akaomba tawi nene la mlonge kwa rafiki yake wa Pongwe, akalichimbia ardhini na kulishindilia udongo. Mvua zilipokuja, nguzo ikachipua. Mlonge ndivyo ulivyo: kipande cha mita moja na nusu kikisimikwa wakati wa mvua huota mizizi bila kubembelezwa, na mwaka wa kwanza mti unaweza kufika mita 3 na kuzidi. Ikapita misimu, mti ukalipita bati la bafu, ukaupita ukuta, ukawa unamwaga maua uani kwa jirani na nyuki wakijazana huko kila asubuhi. Hakuna aliyeupunguza. Watoto waliupenda, mbuzi waliupenda, na Shangazi aliupenda kuliko wote, kwa kuwa kwake ulikuwa duka zima la dawa.

Shangazi ni dada mkubwa wa Baba, na nyumbani kwetu neno lake halirukwi. Alijua kila sehemu ya mti ule ina kazi gani: majani kwa presha, mbegu kwa tumbo lililofunga, magome kwa jino, mizizi kwa mgongo na viungo. Alipotaka mizizi alichukua jembe, akachimba pembeni mwa shina, akakata alichohitaji na kufukia. Namheshimu kwa maarifa hayo. Mengi aliyapokea kwa mama yake, na yako yenye ukweli ndani yake. Lakini juu ya maarifa ya mama yake kulikuja maneno ya stendi, ya wale wauzaji wanaoingia ndani ya basi kabla halijaondoka, kopo mkononi, wakitangaza kwamba mlonge unatibu magonjwa 300. Baba alinunua kopo. Ndani mlikuwa na unga wa kijani uliopauka, pamoja na karatasi yenye orodha ndefu iliyoanza na kisukari. Baba ana kisukari.

Mke wangu alipojifungua, mama yake alikuja kutoka Kilifi kumwangalia mpaka arubaini. Asubuhi moja akawa anakwenda bafuni na ndoo yake ya maji, akasimama mbele ya ule mti, akautazama kuanzia chini hadi juu, kisha akaniita.

"Mwanangu, mzunze mkubwa namna hii umesimama uani, nanyi mwatoka kwenda kununua mchicha?"

Kwao Kilifi mti huo huitwa hivyo, na majani yake ni kitoweo kinacholiwa na sima mwaka mzima, hata kiangazi kikikolea na mboga nyingine bustanini zimekwisha kunyauka. Akaagiza aletewe ungo. Akavunja matawi machanga, akavuta kigoda kivulini na kuanza kuchambua. Ni kazi ya subira, kwa sababu majani ni madogo mno na vijiti vyake vikibaki hukwama kooni. Shangazi alitoka jikoni akamkuta katikati ya kazi hiyo.

"Mkwe, hiyo unayochuma ni dawa. Mzazi hapewi dawa ovyo."

"Kwetu hii ni mboga, Mkwe. Mzazi ndiye wa kwanza kupakuliwa, apate maziwa."

"Mboga chungu hivyo?"

"Uchungu wake ntaumaliza kwa nazi. Nipatie nazi moja tu."

Nazi haikutoka. Nilikwenda dukani nikaileta, nikakaa juu ya mbuzi na kuikuna mwenyewe, maana mama mkwe hawezi kuja nyumbani kwako akaomba nazi akaikosa. Aliyaosha majani, akayachemsha kwa maji machache, akatia kitunguu, nyanya, chumvi na tui jepesi. Mwisho akamiminia tui zito, akakoroga taratibu na kuepua mboga ikiwa bado na rangi yake. Baba alikula, akaongezwa. Mke wangu alikula. Shangazi alikula dagaa.

Juu ya maziwa, Mama mkwe hayuko peke yake. Huko Ufilipino mzazi hupikiwa supu ya kuku yenye majani ya mlonge kwa sababu hiyohiyo, na tafiti ndogo zilizofanywa huko ziliona maziwa yakiongezeka, ingawa ni chache mno kumfanya mtu aape. Faida isiyohitaji kiapo ni iliyomo ndani ya majani yenyewe. Gramu 100 za majani mabichi zina gramu 9 hivi za protini, wakati yai moja lina kama 6. Kalsiamu yake ni karibu miligramu 185, na maziwa ya ng'ombe ya uzito huo yana 120 hivi. Kuna chuma miligramu 4, na ile rangi ya kijani iliyokoza inaficha malighafi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ya macho na ya kinga. Kwa mwanamke aliyetoka kupoteza damu ya uzazi, sahani moja ya mboga hii iliyokamuliwa ndimu, ili chuma kifyonzwe vizuri zaidi, ni chakula cha maana. Na inapatikana bure, hatua chache kutoka jikoni. Ndiyo maana Mama mkwe alishangaa, na ndiyo maana nami tangu siku ile nashangaa kila nikipita mtaani nikiona milonge mirefu imesimama juu ya kuta huku wenye nyumba wanatoka na vikapu kwenda sokoni.

Hatukuwa peke yetu tulioupita mti bila kuuona. Lakini wako wasioupita. Wakonso wa kusini mwa Ethiopia wana mlonge wao wa jamii nyingine, wenye shina nene, wanaoupanda katika matuta yao ya mawe pamoja na mtama, na majani yake kwao ni mboga kuu. Wahindi wa kusini hupika maganda marefu yakiwa bado machanga, wakiyatia katika mchuzi wa dengu na kuyanyonya yale ya ndani. Asili ya mti wetu huu ni huko India, upande wa kaskazini chini ya milima ya Himalaya. Kote huko umeingia chunguni kwanza.

Sasa nirudi kwenye kopo la Baba. Karatasi yake ilidai kwamba mlonge una vitamini C mara 7 ya chungwa. Majani mabichi na chungwa kwa kweli hukaribiana sana, kila kimoja kikiwa na miligramu 50 na kitu kwa gramu 100. Nayo majani yakikaushwa, sehemu kubwa ya vitamini hiyo hupotea. Hizo hesabu nyingine zinazoandikwa kwenye makopo, za kalsiamu mara kadhaa ya maziwa na protini mara kadhaa ya mtindi, hupatikana kwa kupima unga uliokwisha kutolewa maji dhidi ya chakula kilichojaa maji, gramu kwa gramu. Nani anakula gramu 100 za unga wa mlonge? Baba alikuwa akila kijiko cha chai kila asubuhi, gramu 2 au 3. Hiyo haifikishi hata gramu moja ya protini. Naandika haya kwa uchungu kwa sababu mti huu hauhitaji kusingiziwa lolote. Unga wake una kazi yake ya kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika eneo la Casamance kusini mwa Senegali, Mmarekani Lowell Fuglie na wenzake walieneza matumizi ya unga wa majani kwa wajawazito na watoto wenye utapiamlo, na unga huo ulitiwa ndani ya mchuzi na uji, siku hadi siku. Ulikuwa chakula ndani ya chakula. Hakuna aliyeambiwa aache vidonge.

Baba alikuwa ameacha vidonge. Hakumwambia mtu. Tulianza kumsikia usiku akitoka nje mara kwa mara, na mtungi wa maji uliokuwa ukitosha hadi asubuhi ukawa unakauka kabla ya alfajiri. Kisha akaanza kulalamika kuwa nyayo zinamwaka moto. Mke wangu, alipokuwa akipanga nguo za mtoto katika kabati la pale sebuleni, akakuta pakiti za metfomini, vidonge vya kisukari vya Baba, zimefichwa nyuma ya mashuka, hazijafunguliwa. Shangazi alisimama upande wa ndugu yake: vidonge vinachosha figo, mlonge ni wa Mungu. Baba mwenyewe alinyamaza. Siku hiyohiyo nilimpakia kwenye bajaji tukaenda zahanati, na kile kipimo cha kidoleni kikasoma 19. Kwa mtu ambaye hajala, kinatakiwa kisomeke chini ya 7.

Muuguzi aliyetupokea alikuwa msichana mdogo, na alizungumza na Baba kwa adabu ambayo sitaisahau. "Shikamoo mzee. Mlonge kula, tena kula mboga yake nyingi na ugali upunguze. Vidonge usiviache. Na kila ukija hapa niambie unakula nini na nini." Akamweleza kwamba zipo dalili kuwa majani haya hushusha sukari kidogo, na kwa hiyo mtu akichanganya unga mwingi na vidonge bila kupima anaweza kushuka mno, na kwamba hakuna anayejua kopo la stendi lina kiasi gani cha nini. Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Tuliporudi, alilitoa kopo chumbani akaliweka jikoni, rafu moja na chumvi na pilipili manga.

Hapo ningedhani nyumba imetulia. Kumbe kilichoiwasha moto hasa ni mizizi.

Mdogo wangu wa kike alikuja kumwona mtoto. Alikuwa na mimba changa, na mgongo ulikuwa unamsumbua. Shangazi, kwa mapenzi tu, akachukua jembe akaenda nyuma ya bafu, akachimba zaidi ya siku zote, akarudi na mizizi minene ya kutosha sufuria nzima. Aliichemsha mpaka harufu yake kali ikajaa nyumba. Dada yangu alikuwa ameshakishika kikombe Mama mkwe alipoingia. Akanusa. Akauliza ni nini. Alipojibiwa, alikichukua kikombe mkononi mwa yule binti, akatoka nacho hadi karoni na kukimwaga, mbele ya watu wote, bila kusema neno.

Mgeni kuimwaga dawa ya mkubwa wa nyumba si jambo dogo kwetu. Shangazi alisimama. "Mkwe, umenivua nguo nyumbani kwa ndugu yangu."

"Nisamehe, Mkwe. Lakini kwetu mzizi wa mzunze hupewa mwanamke asiyeitaka mimba yake."

Shangazi aliingia chumbani akafunga mlango. Kwa muda mrefu wanawake hawa wawili wakawa wanazungumza kupitia watoto. Mwambieni bibi chai tayari. Mwambieni bibi mwingine asante, amefunga. Mke wangu alilia, akidhani mama yake ataondoka kabla ya arubaini. Mimi sikuwa na namna ya kumkosoa mama mkwe wangu, tena nisingemkosoa, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Mizizi ya mlonge na magome yake vina sumu ambazo majani hayana, na vimetumika tangu zamani, hapa na India, kubana mji wa mimba na kuutoa ujauzito. Jani ni mboga, hata mtoto mdogo hulila. Mzizi uachwe ardhini. Anayetangaza kwamba kila sehemu ya mti huu ni salama kwa kila mtu anawaweka watu hatarini, na wa kwanza kuumia ni mama mjamzito.

Yaliyowapatanisha ni maji. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, bomba likakauka pale tulipolihitaji zaidi kwa ajili ya nepi, na kisima cha mtaani kikaingia tope mpaka ndoo zikawa zinarudi na maji ya rangi ya chai ya maziwa. Shangazi alitoka chumbani na mfuko wa mbegu kavu. Akaondoa yale maganda yenye mabawa, akatwanga viini vyeupe kwenye kinu, akavikoroga na maji kidogo, akachuja kwa kitambaa na kuyamimina maji yale katika ndoo. Kwa maji machafu sana, mbegu moja kwa kila lita. Kwa yaliyochafuka kidogo, moja hutosha lita 4. Alikoroga haraka kwa dakika moja hivi, kisha polepole dakika kadhaa, akafunika na kuacha. Baada ya saa moja au mbili tope lote lilikuwa limelala chini na juu kuna maji meupe. Mama mkwe aliinama juu ya ndoo ile, akamwambia Shangazi moja kwa moja, bila mtoto katikati: "Mkwe, hili sikulijua."

Wanawake wa Sudan wameyatakasa hivyo maji ya Nile yenye tope tangu zamani. Ndani ya mbegu mna protini yenye chaji chanya. Chembe za udongo majini zina chaji hasi. Zinanasana, zinakuwa nzito, zinazama, na katika kuzama huko hubeba chini sehemu kubwa ya vijidudu. Sehemu kubwa si vyote, na lazima maji yale yachemshwe kabla ya kunywewa. Mpwa wangu, kijana wa shule, aliona weupe akadhani ndiyo usafi, akanywa bakuli zima, akakesha msalani. Na ndoo iliyobaki hadi keshokutwa ilinuka, maana mbegu huacha mabaki ya chakula majini na vijidudu vilivyosalia hujilisha humo. Maji ya mlonge hutumiwa siku yanapotengenezwa.

Kisha ukaja usiku wa upepo. Mti uliotokana na tawi hauna ule mzizi mkuu wa kwenda chini ambao mti wa mbegu huwa nao. Mizizi yake hutambaa juujuu. Wetu ulikuwa mrefu kupita bati, haujawahi kukatwa, ubao wake laini wa mlonge ukiwa umebeba matawi yaliyolowa, na upande mmoja mizizi ilikuwa imeshachimbwa na kuchemshwa. Tulisikia mlio mmoja, halafu kelele za kuku. Ulikuwa umeangukia banda la jirani, ukapasua mabati yake mawili, ukavunja na bomba la bafu letu njiani. Kuku walitawanyika mtaani usiku ule na mvua ikiwapiga. Jirani alisimama ukutani na tochi, akatwambia maneno ambayo alistahili kuyasema.

Asubuhi tulilipa mabati na misumari, na fundi akaja. Lakini sasa tulikuwa na mti mzima wa majani chini, mabichi, na kabla jua halijapanda mbuzi wa mtaa walikuwa wamepata habari. Mama mkwe alitoka na kikapu. Shangazi alitoka na kingine. Mke wa jirani, mume wake akiwa bado amenuna, aliingia kwa mlango wa nyuma na beseni. Nyumba yetu iligeuka mahali pa kuchambulia mboga mpaka adhuhuri, na ndipo ubishi wa mwisho ulipozuka: yaanikwe wapi?

Shangazi alipanda ngazi akatandaza yake juu ya bati, katika jua kali, ambako yalikauka kabla ya magharibi. Mama mkwe alitandika shuka safi barazani, penye kivuli na upepo, akatandaza yake tabaka moja jembamba na kuyageuza asubuhi na jioni. Yalichukua siku zaidi, na mara mbili mvua ikatufanya tuyaingize ndani mbiombio. Yalipokauka yote, Baba aliitisha sahani mbili nyeupe, akayaweka pamoja. Ya bati yalikuwa na rangi ya majani ya chai. Ya barazani yalikuwa ya kijani, na yakisagwa yananukia. Jua huharibu ile malighafi ya vitamini A, na rangi inayopotea huonyesha kinachopotea nayo. Shangazi aliyatazama, akayamimina ya kwake katika debe la kuku. Ya Mama mkwe alikuwa wa kwanza kuyatwanga, na sasa kijiko chake huingia katika uji wa mtoto mkubwa na katika mchuzi wa Baba, ambaye vidonge vyake vimewekwa juu ya meza ya chakula ambako kila mtu anaviona.

Kabla hajarudi Kilifi, Mama mkwe alisimamia upandaji mwenyewe. Safari hii hatukusimika tawi. Tulichimba mashimo mbali na ukuta wa jirani na mbali na mabomba, tukatia samadi, tukafukia mbegu mbili kwa kila shimo, kina cha sentimita 2 tu, na kuzungushia miiba kwa ajili ya mbuzi. Miche ilianza kutokeza ndani ya wiki mbili. Ikifika kifuani inakatwa kichwa ili itoe matawi ya pembeni, ambayo mkono unayafikia bila ngazi na upepo hauyasumbui, na kadiri inavyovunwa ndivyo inavyochipua. Shangazi ndiye mwenye panga. Mashimo ya upande wa bafuni, ambako maji hutuama, hayakutoa kitu, kwa sababu mizizi ya mlonge huoza penye maji yaliyosimama. Hapo Baba amepanda mgomba.